Picha ya Kichwa cha Tofiki

Zulekha binti Shutu alizaliwa Kikoneni, kwa watu wanaolima mihogo na machungwa, na pengine angebaki huko kama si ndoa iliyomleta Msambweni. Ndoa yenyewe haikudumu. Mume alirudi kwao Vanga, wakaachana bila kelele, na Zulekha akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Tofiki. Baadaye alimchukua mama yake mzazi, Bi Mwanafatuma, wakaishi watatu katika nyumba ya mawe na mabati karibu na soko.

Kwa miaka mingi alifua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Diani. Korona ilipoifunga hoteli ile, mwenye hoteli aliamua kuuza vyombo, na wafanyakazi wakaitwa wachague kwanza. Wenzake walikimbilia magodoro na majokofu. Zulekha alikwenda moja kwa moja kwenye chumba walichokuwa wakichezea watoto wa wageni, akachagua runinga na mashine za gemu.

"Umerogwa?" mwenzake wa dobi alimuuliza. "Wenzio wachukua magodoro, wewe wachukua mchezo?"

"Godoro utalilalia wewe na mumeo," Zulekha alimjibu. "Mchezo watakuja kuucheza wanao."

Na walikuja. Chumba cha mbele cha nyumba yake, ambacho zamani kilikuwa cha kupokea wageni, kilipakwa rangi ya buluu, kikawekwa mabenchi, na watoto wa Msambweni wakakijaza. Walicheza mpira zaidi kuliko kitu kingine. Zulekha mwenyewe hakujua kucheza, lakini alisimama nyuma yao, leso kiunoni, kama mwalimu wa zamu. Aliyekuja na sare ya shule alirudishwa mlangoni. Aliyetukana alitoka. Aliyefungwa mabao akairusha chini padi ya kuchezea hakuonekana tena mpaka aje kuomba radhi. Na adhana ikilia, runinga zote zilizimwa, hata kama mshambuliaji amebaki peke yake na golikipa.

"Mama Tofiki, sekunde moja tu! Nafunga bao!"

"Utalifunga baada ya swala. Golikipa yuko hapo, haendi popote."

Hivyo ndivyo nilivyomkuta. Mimi nilifika Msambweni na mradi wa utafiti wa chuo kikuu, kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza masomo. Mtafiti mkuu, Daktari Muhsina, alitaka kuelewa ni kwa nini baadhi ya vijana wanaocheza gemu huweza kuacha wakitaka, na wengine hushindwa kabisa. Alikuwa akiwapiga picha za ubongo, wanaocheza sana na wanaocheza kidogo, katika mashine kubwa ya sumaku iliyoko kwenye hospitali moja ya Mombasa. Kijana akiwa amelala ndani ya mashine hiyo hupewa kajaribio kadogo: akiona duara la kijani abonyeze kitufe, akiona jekundu auzuie mkono wake. Wakati huo mashine inaonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, hasa ile ya mbele, juu ya macho, inayohusika na kujizuia.

Kueleza hivyo kwenye karatasi ni rahisi. Kulieleza jambo hilo mbele ya wazazi waliokusanyika uani kwa madrasa siku ya Alhamisi, baada ya darsa ya kina mama, ni kitu kingine. Daktari Muhsina alizungumza vizuri, kwa upole, naye mwenyewe ni mtu wa pwani. Halafu maswali yakaanza.

"Hiyo picha itaonyesha anachofikiria?" aliuliza mama mmoja.

"Hapana, mama. Haionyeshi mawazo."

"Itaonyesha kama amevuta bangi?"

"Hapana."

"Sasa hiyo picha ni ya kazi gani?"

Watu walicheka. Mwanatumu hakucheka. Huyu alikuwa jirani wa Zulekha, muuza mahamri na mbaazi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa soko. Mtoto wake wa mwisho, Ubeid, alikuwa kidato cha pili, na mwaka huo alama zake zilikuwa zimeporomoka.

"Mimi sihitaji mashine ya Mombasa," Mwanatumu alisema. "Nina macho. Watoto wetu wanaharibiwa akili hapa hapa, na anayewaharibu amekaa pale amejifunga leso. Nimekwenda kwa naibu wa chifu, na nitakwenda tena. Chumba kile kifungwe."

Wengine waliguna kumuunga mkono. Zulekha aliinuka.

"Mwanatumu, Tofiki wangu amekulia ndani ya chumba hicho. Hakuna mtoto Msambweni aliyecheza kumshinda yeye. Basi na apelekwe yeye, apigwe picha. Ikionekana kichwa chake kimeharibika, mlango ule nitaufunga kwa mkono wangu na mashine nitaziuza. Wallahi nitaufunga. Na kikiwa kizima, wewe utanyamaza."

"Nitanyamaza."

"Nyote mmesikia?"

"Tumesikia!"

Daktari Muhsina alijaribu kusema kwamba picha ya mtoto mmoja haiwezi kuamua jambo kama hilo, kwamba utafiti haufanyiki hivyo. Sauti yake ilizama kwenye vigelegele. Tulipokuwa tukikunja mkeka alinitazama akatikisa kichwa. Tulikuwa tumekuja kutafuta watoto wa utafiti, tukaondoka tumefanywa mahakama.

Siku ya kwenda Mombasa ilikuwa Ijumaa. Gari la mradi lilisimama mlangoni, na Tofiki akatoka ndani akiwa amependeza kama anayekwenda kuposa: kanzu iliyopigwa pasi na mkono wa kazi, kofia ya kushona, macho yenye wanja, na harufu ya udi iliyolijaza gari lote. Alikuwa na miaka kumi na mitano na alionekana kutamani ardhi ipasuke immeze.

"Bibi ndiye aliyenivisha," alininong'oneza. "Nimemwambia ni hospitali, hakusikia."

Zulekha alikaa mbele na dereva, akizungumza njia nzima. Alitueleza jinsi alivyomlea Tofiki, jinsi alivyomfundisha kuzima mwenyewe bila kuambiwa, na jinsi Mwanatumu atakavyotafuta mahali pa kuuficha uso wake. Hakuwa na shaka hata kidogo, na kumsikiliza kulinitia nguvu hata mimi, ambaye kwa kawaida hufikiria kwanza namna jambo linavyoweza kwenda vibaya.

Hospitalini tulipokewa na Menza, mtaalamu wa picha, kijana wa Kinango mwenye maneno machache. Alimvua Tofiki kanzu, saa na mkanda, akampa vazi la hospitali, kisha akamuuliza maswali ambayo kila anayeingia huulizwa.

"Una chuma chochote mwilini? Umewahi kuumia jicho? Jino la bandia?"

"La."

"Umepaka vipodozi vyovyote?"

"Mimi?" Tofiki alishangaa. "Kwani mimi ni bibi harusi?"

Tulicheka wote, hata Menza. Tofiki akalazwa, akasukumwa ndani ya mashine, na ile mingurumo ikaanza, kama watu wanaovunja ukuta kwa nyundo.

Zulekha aliruhusiwa kukaa nasi nyuma ya kioo. Kwenye skrini vipande vya picha vilianza kutokea kimoja kimoja, vya kijivu, kama boga lililokatwa. Kisha kikatokea cha sehemu ya mbele, na pale juu ya macho palikuwa na weusi mtupu. Haukuwa mstari wala doa. Ulikuwa weusi mpana uliomeza paji la uso lote, kana kwamba mtu alichota nyama kwa upawa.

Menza aliegemea mbele. Akarudia kupiga. Weusi ulikuwa palepale.

"Hm," akasema.

"Hm nini, mwanangu?" Zulekha aliuliza.

"Picha husomwa na daktari, mama."

"Sikukuuliza nani anayesoma. Nimekuuliza hiyo hm."

Kwa sheria ya kazi Menza hakutakiwa kujibu, wala mimi. Daktari Muhsina alikuwa Nairobi siku hiyo. Zulekha aliutazama ule weusi mpaka skrini ilipozimwa. Tofiki alitoka akipikicha macho.

"Nimefanya vizuri, mama! Zile nyekundu nimezizuia karibu zote. Ila macho yaniwasha."

"Ni taa," Zulekha alisema, akamshika mkono. Alimshika mpaka tulipofika kwenye gari, na Tofiki, kwa namna alivyouona uso wa mama yake, hakuuvuta mkono wake.

Tuliposimama Kombani dereva anunue matunda, mchuuzi mmoja alimpitishia Zulekha machungwa dirishani. Zulekha, mtoto wa Kikoneni, ambaye siku nyingine angeyabonyeza moja moja na kumwambia mchuuzi yamechumwa lini, aligeuza uso upande wa pili.

Kesho yake chumba cha gemu hakikufunguliwa. Nilimkuta Zulekha akifunga kufuli kubwa la zamani juu ya lile la kawaida.

"Mama Tofiki, tusubiri," nilimwambia. "Daktari bado hajasoma."

"Mimi nimesoma. Mtoto wangu ana shimo kichwani, mahali hapo hapo mlipotuambia pa kujizuia. Niliapa mbele ya watu."

"Lakini..."

"Dada, wewe ni msomi na una heshima, usinibembeleze. Nikingoja nitaanza kutafuta sababu ya kufungua." Alijaribu kufuli kuona kama limeshika. "Sitaki kuwa mama anayetafuta sababu."

Hakumwambia Tofiki alichokiona, wala mama yake. Waliouliza aliwajibu kwamba mashine zinapumzika. Lakini Msambweni si mji wa kuficha mlango uliofungwa. Jioni ile Mwanatumu alipita na sinia lake la mahamri, akalitazama lile kufuli, akapunguza mwendo. Zulekha alikuwa amekaa barazani. Hawakusalimiana.

Zile siku ambazo chumba kilifungwa, Zulekha alizitumia kumtazama mtoto wake. Alimtazama akila, akisoma, akimchotea bibi yake maji. Tofiki alinung'unika siku mbili kwamba hana la kufanya, kisha akaenda kucheza mpira wa miguu ufukweni na wenzake, akarudi amejaa mchanga na njaa. Alilala vizuri. Kama kichwani mlikuwa na shimo, basi lilijificha hodari.

Aliyemshangaza Zulekha alikuwa mwingine. Ubeid wa Mwanatumu alifika siku ya kwanza akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, Mama Tofiki. Umeme umepotea?"

"Marahaba. Haukupotea. Nimefunga."

"Mpaka lini?"

"Sijui, mwanangu."

Siku ya pili alikuja tena akauliza vilevile, kana kwamba hakuuliza jana. Siku ya tatu ilikuwa Jumatatu, naye alikuja asubuhi, akiwa na sare, wakati wenzake wako darasani. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, na vidole gumba vyake vilikuwa vikichezacheza hewani juu ya padi isiyokuwepo. Zulekha alimfukuza aende shule. Adhuhuri, alipokwenda nyuma ya nyumba kuanua nguo, alimkuta ameshika nondo za dirisha la chumba cha gemu anazivuta. Mkono ulikuwa umechubuka, damu inamtoka, wala hakuwa na habari nayo. Hakukimbia.

"Mchezo mmoja tu, Mama Tofiki," alisema kwa sauti ya chini. "Mmoja tu, kisha naondoka. Wallahi mmoja tu."

Zulekha alimuosha mkono, akaufunga kitambaa, akampa maji. Aliniambia baadaye kwamba alipokuwa akiufunga ule mkono ndipo alipotambua kuwa hajawahi kumtazama Ubeid hata siku moja. Aliwatazama wenye kelele, wenye matusi, wanaorusha padi. Ubeid alikuja amebadili sare, hakutukana, adhana ikilia aliweka padi chini wa kwanza na baada ya swala alirudi wa kwanza. Alikuwa mteja asiye na lawama. Alikaa pembeni kimya, na siku zikapita hivyo.

Siku hiyo hiyo Daktari Muhsina alinipigia simu. Alikuwa amezipokea picha.

"Huu si ubongo," alisema. "Mtoto mwenye tundu kubwa namna hii hatembei, sembuse kubonyeza vitufe na kufanya vizuri. Na tazama, weusi umeanzia kwenye macho yenyewe. Kitu chenye chuma kilikuwa usoni. Kilivuruga sumaku, picha ikakatika hapo. Menza aliuliza maswali?"

"Aliuliza yote, daktari. Nilikuwepo."

"Basi nenda kaulize tena, nyumbani. Uliza mtoto alikuwa na nini machoni."

Nilipofika, Bi Mwanafatuma alikuwa ukumbini akichambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kitako. Hawa wa nyumba hii wamenuna wote siku hizi, angalau wewe uzungumze nami."

"Bibi, siku ile ya kwenda Mombasa, Tofiki alikuwa na kitu chochote machoni?"

"Alikuwa na wanja. Nilimpaka mwenyewe, nje na ndani ya kope." Aliniangalia kana kwamba nimeuliza kama alivaa nguo. "Si mlisema mwampeleka kupigwa picha? Mlitaka atoke na macho makavu kama samaki wa ng'onda?"

"Lakini aliulizwa kama amepaka vipodozi, akasema la."

"Na alisema kweli! Vipodozi ni vya wanawake. Wanja ni sunna, na ni dawa ya macho. Babu yake alipaka mpaka anaingia kaburini, na alisoma Kurani bila miwani."

Niliona haya, maana hata mimi niliuona ule wanja asubuhi ile na sikuuona kuwa kitu. Kwetu mvulana kupakwa wanja siku ya Ijumaa hakuhesabiwi kujipamba, ni kama kukata kucha. Menza naye amezoea kuwauliza wasichana kuhusu rangi ya kope na midomo.

"Wanja wenyewe ni wa dukani, bibi?"

"Wa dukani una nini ndani yake? Masizi." Aliinuka, akarudi na kichupa cheusi. "Jiwe lake aliniletea kaka yangu Chande alipokwenda kuhiji. Nimelisaga mwenyewe ndani ya kinu changu cha chuma, kila siku kidogo, mpaka likawa laini kama unga."

"Kinu cha chuma," nilirudia.

"Cha chuma. Chakongoka sasa, chamomonyoka, lakini bado kina nguvu."

Basi nikamweleza: kwamba mashine ile ni sumaku kubwa, kwamba chembe za kinu chake zilikuwa kwenye kope za Tofiki, na kwamba zilitosha kuifanya picha ionyeshe weusi pasipo na weusi.

Bi Mwanafatuma aliweka ungo chini. "Kumbe ni mimi niliyemtoboa mjukuu wangu kichwa?"

Pazia la chumbani lilifunguliwa kwa nguvu. Zulekha alikuwa nyuma yake muda wote. Aliutazama uso wa mama yake, akakitazama kile kichupa, kisha akaketi sakafuni pale pale akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yakaendelea kutoka hata alipokwisha kucheka.

"Wacheka nini?" mama yake aliuliza kwa hasira. "Wanja wangu una nguvu. Mashine ya mabilioni imeushindwa!"

Tofiki alirudishwa Mombasa juma lililofuata, kope zimesafishwa kwa mafuta ya nazi siku kadhaa mfululizo, akiwa na fulana na suruali ya kawaida. Safari hii Daktari Muhsina alikuwepo. Picha ilitoka nzima. Alimwita Zulekha karibu na skrini, akamwonyesha sehemu ya mbele, kijivu tupu, imejaa, hakuna kilichopungua.

"Alhamdulillahi," Zulekha alisema. "Nichapie. Kubwa."

"Nitakuchapia. Lakini Mama Tofiki, nisikudanganye. Ile nyeusi haikusema kitu, na hii safi nayo haisemi unachotaka iseme. Mimi nalinganisha vichwa vya vijana wengi kwa wengi, natafuta tofauti ndogo ndogo. Kichwa kimoja hakinitoshi kusema gemu zinaharibu au haziharibu."

"Lakini ni kizima?"

"Ni kizima."

"Na ule mchezo wa kujizuia?"

"Alijizuia kama wenzake wa umri wake. Mara nyingine alibonyeza pasipotakiwa."

"Hata mimi kuna maneno yashanitoka pasipotakiwa," Zulekha alisema. Akaichukua ile picha, akaikunja kwa utaratibu, akakaa nayo mapajani njia nzima. Kufika Kombani alimwita mchuuzi wa machungwa mwenyewe, akabishana naye bei, akanunua.

Angeweza kungoja Alhamisi, aisimamishe ile picha mbele ya kina mama wote, apigiwe vigelegele. Watu walikwisha kusikia habari ya wanja na walikuwa wakiingoja siku hiyo kama harusi. Lakini Jumatano asubuhi alinipitia.

"Twende kwa Mwanatumu. Ibebe picha, nikipandwa na hasira nisiichane."

Mwanatumu alikuwa jikoni akichoma mahamri. Hakutukaribisha wala hakutufukuza.

"Umekuja kunisimanga mapema?"

"Kichwa cha Tofiki ni kizima," Zulekha alisema. "Picha hii hapa. Unaweza kuitazama."

"Basi ninyamaze. Si ndivyo tulivyoagana?" Aligeuza mahamri kwa hasira. "Haya, nimenyamaza."

"Usinyamaze. Ubeid aliumia mkono, alikwambia nini?"

"Alianguka shuleni."

"Alikuwa akivuta nondo za dirisha langu, Jumatatu ya juma lililopita, saa za masomo. Mwanatumu, uliposema chumba changu kina mtoto kinayemdhuru, ulisema kweli. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kila siku na sikumwona."

Mwanatumu aliinua upawa wa mafuta, nikarudi hatua moja nyuma. "Waja jikoni kwangu kumtukana mwanangu? Chako kizima, changu kibovu?"

"Sikusema kibovu. Nimesema hawezi kuacha. Mtoto aliniapia huku damu yamtoka, wala haioni. Ningekuwa na nia ya kukutukana ningengoja kesho mbele ya watu."

Mahamri yalianza kuungua. Hakuna aliyeyaepua. Mwanatumu alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo ambayo sikujua anayo.

"Huniambia anakwenda twisheni." Akapangusa uso kwa upindo wa leso. "Basi ufunge. Ufunge moja kwa moja."

"Nikifunga atakwenda Ukunda. Kule kuna vyumba kumi vya gemu, na hakuna anayemjua mama yake. Mlete wewe. Uje naye, ukae. Ukiinuka wewe, naye anainuka. Bila wewe haingii, hata akilia."

"Mimi? Nikae na watoto natazama mpira wa kwenye runinga?"

"Njoo na ukili wako wa mikeka usuke. Benchi ni bure."

Mwanatumu alimtazama, kisha akanitazama mimi, na nadhani ndipo alipokumbuka kuwa nipo. "Na huyo daktari wenu, bado ataka vichwa?"

"Anataka," nilisema. "Hasa vya wanaocheza sana. Lakini hautakuwa uamuzi juu yake, mama. Itakuwa ni kutusaidia kuelewa. Na daktari anajua mshauri wa vijana anayeweza kuzungumza naye."

"Mwandikeni," alisema, akaepua mahamri meusi akayatupia kuku.

Alhamisi ile Zulekha alisema maneno machache: kichwa cha Tofiki ni kizima, picha moja si fatwa, chumba kinafunguliwa, na mzazi yeyote asiyetaka mwanawe aingie aje amwambie, naye atamzuia mlangoni. Watu walitaka kumsikia Mwanatumu akishindwa. Mwanatumu alisimama akasema kwa sauti yake ya soko kwamba atakuwa wa kwanza kuingia, na kwamba anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Nilikuwepo siku ya kwanza. Mwanatumu alikaa benchi la nyuma na kitita cha ukili uliotiwa rangi, akasuka bila kuangalia mikono yake. Hakupita muda akawa anagombana na runinga.

"Ewe, mpe mwenzio! Mbona mchoyo huyu? Ubeid, yule amevaa nyekundu hana mtu!"

"Mama, yule ni wa timu nyingine."

"Basi mnyang'anye!"

Watoto walianguka kwa kicheko, na Ubeid, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alicheka pamoja nao. Alifungwa mbili kwa moja. Papo hapo kidole chake kikaenda kwenye kitufe cha kuanza upya. Mwanatumu alikusanya ukili wake akasimama.

"Twende."

"Mmoja tu, mama."

"Nimeinuka, Ubeid."

Zulekha alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Aliwakataza wengine kwa macho wasiseme neno. Kidole gumba kilibaki juu ya kile kitufe. Mwanatumu hakumvuta wala hakumkemea. Alisimama tu, ukili kwapani. Muda ulipita ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Kisha Ubeid akaiweka padi kwenye benchi, taratibu, kama mtu anayetua mzigo wa mayai, akatoka nje mbele ya mama yake.

"Kesho," Mwanatumu alimwambia Zulekha mlangoni.

"Kesho. Usichelewe, timu yako yafungwa sana."

"Ni kwa sababu hawanisikilizi," Mwanatumu alisema, na sauti yake ikasikika mpaka sokoni.